Jani Lisilo na Jicho

Saluni ya Redio ilikuwa na viti vitatu vya kusukia na benchi moja la wasiosukwa, na benchi ndilo lililokuwa likijaa kwanza. Jina la kuzaliwa la mwenye saluni lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani aliitwa Redio, na hakuwahi kulikataa jina hilo, maana aliyekuja kusukwa kichwa kimoja aliondoka na habari za nyumba kumi. Draya yake ilifanya kazi ukiizaba kofi ubavuni. Kioo kilikuwa na ufa uliomgawa kila mteja nyuso mbili, wakazoea. Na mbele ya kioo, katikati ya vitana na makopo ya mafuta, ilikaa chupa pana yenye maji, na ndani ya maji jani moja.

Usidhani jani la hivi hivi. Lilikuwa pana kama sinia, kijani cha kung'aa, limechanwa pembeni na kutobolewa matundu kana kwamba kuna mtu alilikalia na mkasi kutwa nzima. Mama yake Redio, alipokuwa hai, aliuita mmea wake Kimia, kwa sababu majani yalimkumbusha kitambaa cha kimia cha kutandika mezani. Kimia chenyewe kilikuwa sebuleni kwa dada yake Redio, nyumba ambayo mama alimalizia siku zake. Kilikuwa kimeanza kwenye karai, kikapanda kijiti, kikakichoka kijiti, kikadandia fimbo ya pazia na kuanza safari ya kuelekea mlango wa chumba cha mama.

Siku ya kugawana vitu, mbele ya wajomba na mashangazi, Redio alisimama akasema, "Mimi sitaki kitanda, sitaki kabati, sitaki sufuria. Nipeni Kimia."

Dada yake, ambaye watu humwita Mama Mapacha, akatikisa kichwa. "Kimia hakihamishiki, mdogo wangu. Ukikibandua pale kitakatikakatika. Nitakukatia."

"Nikatie leo."

"Nimesema nitakukatia."

Kesho yake akaja saluni na lile jani, kalifunga kwa taulo bichi, kalibeba kwa mikono miwili kama katoto kachanga. Macho yake yalikuwa mekundu. Redio aliyaona macho akajisemea moyoni: huyu ametoa kwa shingo upande. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Mama Mapacha kukanyaga pale. Tangu mazishi hakuwa na hamu ya kusukwa, alijifunga kitambaa tu, na wakikutana kwenye shughuli za ndugu ilikuwa ni salamu ya mkono na "hamjambo huko".

Jani lilipotoa mizizi, benchi zima lilinyweshwa soda. Mizizi ilikuwa mirefu, mieupe, imejikunja chini ya chupa kama tambi. Redio akasubiri jani la pili. Akabadilisha maji. Akasubiri. Akalisogeza dirishani, akalirudisha. Mwaka ukakatika, jani limekodoa palepale, halinyauki wala halina mpango wa kuongezeka.

"Hilo limeolewa na chupa," alisema Bi Mashine, fundi cherehani wa duka la pili, aliyekuwa akiacha kazi za watu na kuja kukaa kwenye benchi. "Limeshapata nyumba, lihangaike la nini?"

"Lina huzuni," Redio alijibu. "Linamlilia mama."

Basi siku hiyo akaja kusukwa mwanamke anayeuza miche kando ya barabara, ile inayopangwa kwenye vifuko vyeusi. Redio alikuwa amemchana nusu ya kichwa wakati macho ya mama yule yalipotua kwenye chupa. Akanyoosha mkono, akalitoa jani majini, akaligeuza mizizi juu, akalirudisha taratibu.

"Nani alikupa hili?"

"Dada yangu."

"Dada wa hivi hivi, au?"

"Tumbo moja, ziwa moja."

Mwuza miche akanyamaza. Kwenye saluni ya Redio mtu akinyamaza ghafla, draya huzimwa. Bi Mashine alikwenda kuizima mwenyewe.

"Sema tu, mama."

"Hili ni jani kipofu," mwuza miche alisema. "Mmeona muwa? Kila kifundo kina kijicho chake, na pale kwenye jicho ndipo panapochipua. Mmea huu nao ni hivyo hivyo, macho yako kwenye shina, pale kikonyo cha jani kinapoanzia. Ukikata shina chini ya kifundo, umechukua mmea. Ukikata kikonyo peke yake, kama hiki, umechukua jani. Litatoa mizizi, litakunywa maji, litakuchekea mwaka mzima. Lakini mtoto halizai. Litazaa na nini?"

"Yaani kapewa shati halina mgongo!" Bi Mashine alipiga makofi. "Ukilitundika unaona shati. Livae sasa!"

"Labda huyo dada hajui," mwuza miche aliongeza.

"Asijue vipi?" Redio alisema, na kitana kikamponyoka. "Amekaa na mama, amekaa na Kimia, wamezeeka pamoja nyumba moja. Mimi ndiye nisiyejua."

Lililomchoma halikuwa jani. Mama alipougua, Redio alikuwa mji mwingine, akisuka vichwa vya watu kwenye kibaraza cha kukodi na kujiambia atakwenda mwezi ujao. Dada ndiye aliyemgeuza mama kitandani, aliyemuogesha, aliyekesha naye. Redio alifika kwenye kilio na mabegi yake, akabaki, saluni akaifungua kabla hata vitu havijagawanwa. Hakuna aliyemwambia kitu. Mwaka mzima alikuwa anasubiri mtu amwambie, na sasa akaona kumbe aliambiwa siku nyingi: alipewa kitu cha kufanana na mgao, lakini si mgao.

Akafanya kile anachokifanya mtu anayeitwa Redio. Wiki ile hakuna kichwa kilichotoka pale bila kujua habari ya jani kipofu. Hata waliokuja kuuliza bei waliondoka nayo.

*

Jumapili, Mama Mapacha alifanya sherehe. Mapacha wake wote wawili walikuwa wamefaulu mtihani, na yule aliyetarajiwa kufeli ndiye aliyefaulu zaidi. Uani kulijaa watu, watoto wanapishana na sahani, shemeji mtu anaimba nyimbo za ujana wake bila kuombwa. Redio alikula kidogo, akacheka kidogo, kisha akasema anakwenda kuchukua glasi.

Kwenye mkoba alikuwa na wembe mpya kwenye karatasi yake.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Alivua viatu akapanda juu ya mkono wa kochi, akapapasa shina la Kimia kwa ncha za vidole kama anavyotafuta njia kwenye nywele nzito. Akakikuta kifundo. Akalikuta jicho, kitu kidogo cha kijani kilichovimba kama chunusi, na chini yake mzizi wa kahawia unaning'inia hewani. Akafungua wembe.

"Shuka kwenye kochi langu."

Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi chafu.

"Sishuki mpaka nichukue changu."

"Chako kipi?"

"Changu cha kweli. Siyo kile ulichonipa."

"Nilikupa jani zuri kuliko yote humu ndani," dada alisema, akiweka sinia chini. "Nilichagua asubuhi nzima."

"Ulinipa jani kipofu! Halina jicho. Ukaniacha nikae nalo mwaka mzima nalibembeleza kama zuzu." Redio alikuwa bado juu ya kochi, wembe mkononi. "Kwa sababu sikuwepo. Wewe ndiye uliyemuogesha mama, wewe ndiye uliyemlisha, mimi nikaja na mabegi. Si ungesema tu? Ungesema 'wewe huna fungu hapa,' ningekuelewa, ningekwenda zangu. Lakini kunichezea!"

Mama Mapacha alikunja uso. "Jicho gani?" aliuliza.

"Usijifanye, dada."

"Nakuuliza, wewe kitindamimba. Jicho gani?"

Redio akaonyesha kwa ncha ya kidole. Alimkazia macho dada yake, akisubiri ule uso wa mtu aliyenaswa. Uso ulibadilika kweli, ila haukuwa ule. Mama Mapacha alisogea mpaka pua ikakaribia shina, akakigusa kile kivimbe.

"Hiki? Mimi miaka yote najua ni upele wake."

Kisha akamshika mdogo wake mkono, akamshusha, akampeleka mpaka chumbani kwake. Dirishani, nyuma ya pazia, kulikuwa na chupa za jamu, chupa ya mafuta iliyokatwa shingo, glasi za kila aina. Kila moja na jani lake. Kila jani na mizizi tele. Hakuna hata moja lililochipua.

"Nilianza wiki ile ile niliyokukatia," Mama Mapacha alisema. "Nilisema, hiki kikubwa kikinifia mikononi, mama nitamwambia nini? Ngoja nikizalishe. Kila jani linatoa mizizi, linanyamaza. Nikadhani ni mkono wangu." Alivuta pazia likafunika nusu ya chupa, kama mtu anayejionea aibu yeye na majani yake. "Siku za mwisho alikuwa anakataa dawa, na mimi nilikuwa namkaripia. Nimechoka, sijalala, namkaripia mama yangu kama mtoto. Nikadhani amenikasirikia. Nikadhani ndiyo ananijibu kwa haya majani."

Redio alinyoosha mkono, akaigeuza glasi moja kuitazama mizizi.

"Lakini si alikuwa anagawa vipande kila siku?" alisema hatimaye. "Hukumwona anavyokata?"

"Alikata alfajiri, sisi tumelala. Tukiamka kishafunga kwenye gazeti, anamkabidhi mtu. Nilikuwa naona majani juu, naona maji chini. Ya katikati hakutuonyesha, na sisi hatukuuliza. Wewe uliuliza?"

"Mimi nilidhani unachomeka tu."

"Basi."

Wakaangaliana. Redio akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia njiani, akajikuta analia na kamasi juu, na dada yake akampa ncha ya kitambaa chake cha kichwani apangusie. Wangeweza kuishia hapo, wakatoka uani wameshikana mikono. Lakini Redio alikumbuka benchi.

"Dada, kuna jambo."

"Lipi?"

"Nimesema."

"Umesema nini?"

"Hili la jani. Kwamba umenitapeli."

"Umemwambia nani?"

"Wateja."

"Wote?"

"Waliosukwa," Redio alisema, sauti inazidi kushuka. "Na wale wa benchi."

Mama Mapacha akafumba macho. "Yaani mtaa mzima wanajua mimi ni tapeli wa majani, na mimi ndiye wa mwisho kupata habari?"

"Sikukutaja jina."

"Una dada wangapi, we Redio?"

Kutoka uani shemeji alikuwa amefika kwenye kiitikio, na watu wanampigia makofi ili amalize. Mama Mapacha alijifunga upya kitambaa chake, akakaza fundo.

"Twende ukakate," alisema. "Fungu lako ni lako, sikunyimi kwa sababu ya mdomo wako. Lakini huko saluni kwako usinitegemee. Sitakaa kwenye kiti watu wananitazama kwenye kioo na kunong'onezana."

Redio alipanda tena kwenye kochi. Penye jicho zuri kuliko yote palikuwa kwenye kichwa cha mmea, pale kilipokuwa kinaelekea mlango wa chumba cha mama. Aliweka wembe, akauondoa.

"Nikikata hapa nitakuachia kipara."

"Kata."

"Tutafute pengine."

"Kata, kabla wageni hawajaja kuuliza glasi."

Akakata. Kipande kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, kina majani mawili na mzizi wake wa kahawia, na utomvu ukamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Dada akakipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba utomvu ule unawasha. Waliporudi uani, mmoja alikaa upande huu na mwingine upande ule, hawazungumzi, wote wawili wanajikuna mpaka mabegani.

"Mmekumbatia upupu?" shemeji aliuliza kwa sauti ya kusikika na jirani. Watu wakaangua kicheko. Redio alimtupia dada yake jicho, na dada aliangalia kwingine.

*

Jumatatu Redio alitangaza habari mpya. Dada hakujua. Dada mwenyewe ana dirisha zima la majani vipofu. Alieleza vizuri, kwa vituo vyake, na pale kwenye mama na dawa akapunguza sauti.

Benchi lilisikiliza kwa adabu.

"Unamtetea," Bi Mashine alisema. "Ni damu yako, lazima umtetee."

"Nakwambia nimeziona chupa kwa macho yangu!"

"Chupa kila mtu anazo."

Ikawa ndivyo hivyo. Ile ya kwanza ilikuwa tamu, ilishasafiri, ilishafika mitaa ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Mteja alikuja kutoka upande wa pili wa soko, akakaa, akasema, "Ndiyo hapa pa yule aliyetapeliwa na dada yake?" Redio alimsuka huku akimrekebisha, akamrekebisha mpaka msuko ukaenda upogo, ikabidi aufumue. Kila jioni alimpigia dada yake simu, na Mama Mapacha alipokea, akajibu salamu, akauliza kipande kinaendeleaje, akasema haya, usiku mwema. Kumwita saluni Redio hakuthubutu. Aliona hana mdomo wa kumwitia.

Kipande kilikaa kwenye ndoo ndogo yenye udongo na maganda ya nazi, kama alivyoelekezwa na mwuza miche. Siku zikapita kikiwa kimejiinamia. Kisha lile jicho likavimba. Likapasuka. Kikatoka kitu chembamba, kimesokotwa kama karatasi ya karanga, na asubuhi moja wateja waliingia wakakuta kimefunguka: jani jipya, laini, la kijani hafifu.

Halikuwa na tundu hata moja.

Bi Mashine alivaa miwani yake ya kutungia sindano, akalikagua juu na chini. "Haya, jamani. Kimia hakina vitundu. Si nilisema mimi? Katapeliwa mara ya pili huyu."

"Hebu nyamaza!"

"Nanyamaza. Lakini hili ni jani la kitu kingine kabisa."

Benchi likachangamka. Mmoja akasema ni la boga. Mwingine akasema mmea umelaaniwa. Redio aliliangalia lile jani lililokuwa halijajua ubaya wa mtu. Akachukua simu mbele yao wote.

"Dada, limetoka," alisema. "Lakini halina matundu, na hawa wameshaanza tena. Nimewaambia, hawanisikii. Sikuombi uje. Nakwambia tu kwamba leo sitawanyamazia."

Upande wa pili simu ikakatwa.

Redio alizima draya mwenyewe. "Nisikilizeni," alisema. "Nilisema uongo humu ndani. Sikujua ni uongo, lakini niliusema, na nyie mmeushika kwa sababu niliusema vizuri. Anayetaka kumsema dada yangu, mlango ule pale. Benchi hili ni langu, nitalipasua kuni."

Hakuna aliyetoka. Mteja wa kiti cha kati alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ukimya ukakaa pale saluni kama mgeni asiyejua aondoke saa ngapi, na Redio akaendelea kusuka, akakosea, akafumua, akasuka tena, mpaka mwanga wa mlangoni ulipozibwa na mtu.

Mama Mapacha alikuwa na kandambili za nyumbani. Alipita mbele ya benchi akisalimia mmoja mmoja, kila mtu kwa cheo chake, asimruke yeyote, na kila aliyesalimiwa alijikuta anasogeza miguu. Akainama kwenye ndoo. Akalitazama jani kwa makini, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Na kile kisiki changu kimechipua pale tulipokata," alisema. "Jani kama hili hili. Halina tundu hata la sindano. Nimemuuliza yule mama wa miche, anasema majani ya mwanzo hutoka mazima, matundu yanakuja na ukubwa." Akageuka. "Bi Mashine, wewe ulizaliwa na meno?"

"Hapana, Mama Mapacha," Bi Mashine alisema, akivua miwani.

"Haya."

"Ila tulikuwa tunatania tu, unajua. Maneno ya saluni."

"Najua. Yamenifikia mpaka nyumbani, yana miguu." Hakukasirika wala hakucheka. Alivuta kiti cha mwisho, kile cha karibu na kioo chenye ufa, akakaa, akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimejaa mvi, zimefungamana, hazijaguswa na mtu tangu msiba. Redio alisimama nyuma yake na kitana, akaogopa pa kuanzia.

"Anza nyuma," dada alisema. "Na usinivute, nina kichwa chepesi kuuma." Kisha akainua macho, akaliangalia benchi zima ndani ya kioo. "Na nyie mbona kimya? Endeleeni. Leo mlikuwa mnamsema nani?"